Mguu wa Dereva Ambrosi

Rujewa ni tambarare kama meza. Ukitoka kwenye karakana ya Lugano unaweza kuendesha gari hadi mafuta yakuishie, usikutane na mwinuko wa kumtoa jasho hata mbuzi. Ndiyo maana gari la zahanati ya misheni, Landkruza nyeupe, lililetwa kwake mara tatu, na mara zote tatu alizunguka nalo mjini, akarudi akisema ni zima.

"Mlimani linakata pumzi, fundi," dereva Ambrosi alimwambia kila mara. "Likiinua pua tu, nguvu zinakwisha. Nikisimama kidogo linawaka, linakwenda kana kwamba si lenyewe."

"Mzee Ambrosi, injini haichagui njia. Mimi nikishaisikiliza, nimemaliza. Labda mguu wako ndio umezeeka, unachelewa kupunguza gia."

Wateja waliokaa kwenye benchi walicheka. Ambrosi naye alicheka, kisha akautazama mguu wake.

Watu walimwita Lugano "Kompyuta", na jina lilikuwa limemkaa kichwani kuliko kofia.

Jumanne moja Ambrosi alimbeba Tusajigwe, aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, kumpeleka hospitali Mbeya. Kwenye Mlima Nyoka gari lilizima. Likawaka, likazima tena, mara ya tatu likazima hatua chache kabla ya kufika kileleni. Saa nzima ilipotea pale. Tusajigwe alipona. Mtoto hakupona.

Sista Faustina, mkuu wa zahanati, alimwita Lugano na kumuuliza mbele ya Ambrosi: "Gari lina tatizo au halina?"

Angeweza kusema sijui. Lakini neno hilo, kwa Lugano, lilikuwa gumu kufunguka kuliko nati iliyoota kutu.

"Gari ni zima, Sista."

Ambrosi aliweka funguo mezani, akaaga.

Baada ya wiki mbili alipatikana dereva mpya, Adrian. Kabla hajaanza kazi, Sista alimwita fundi tena. "Lipandishe mlima mwenyewe. Sitaki maneno, nataka lipande."

Lugano alipakia magunia sita ya mchele badala ya mgonjwa na wauguzi. Alipita Chimala, akapita Igurusi, gari likikimbia vizuri, naye akipiga mluzi. Mluzi uliishia Mlima Nyoka. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, lakini mshale wa mwendo ulikuwa unashuka: sitini, arobaini, ishirini. Alipunguza gia mapema, kama inavyotakiwa. Gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazima.

Malori yalimpita yakiguna. Alifungua boneti. Chujio la hewa lilikuwa safi. Alifungua bomba la dizeli, akasukuma pampu ya mkono. Yakatoka mapovu matupu. Akakaa juu ya jiwe. Baada ya dakika kumi alisukuma tena, na dizeli ikaruka hadi kwenye viatu vyake.

Hapo akaelewa. Kulikuwa na kitu kinachoziba na kuachia, na kilikuwa ndani ya tangi. Kwenye tambarare kilikaa mbali. Gari likiinuka, dizeli ilirudi nyuma pamoja nacho, hadi kwenye mdomo wa bomba, na injini ilivyovuta kwa nguvu ndivyo kilivyonata. Injini ikizima, kinaachia. Ndiyo maana karakanani hakikuonekana hata siku moja.

Alifungua kifuniko cha tangi, akaingiza waya aliokunja ncha. Kilichotoka kilikuwa kipande cha kitenge cha njano, kipana kama kiganja, kimefungwa fundo upande mmoja.

Fundo lilikuwa lake. Mwezi wa kwanza alirekebisha shingo ya tangi lile, akaziba tundu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Mwezi wa pili Ambrosi alikuja kulalamika kwa mara ya kwanza.

Chini ya barabara kulikuwa na korongo. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliinua mkono.

"Lilikuwa chujio tu, Sista," alijaribu kusema kwa sauti. Maneno yalitoka laini, bila kukwama popote, na ulaini wao ukamtisha. Akakitia kitambaa mfukoni.

Gari lilipanda hadi Uyole na magunia yake yote kana kwamba ni tupu. Aligeuza pale.

Alasiri alimkuta Ambrosi nyumbani kwake, amekaa nje, kiatu cha kulia amekivua.

"Limepanda?"

"Limepanda."

Ambrosi alifumba macho. "Basi ni mimi. Nimeuangalia sana mguu huu, fundi. Naukanyagisha ukutani nione kama unachelewa. Sioni. Lakini mtoto wa watu amekufa. Nilikwenda kwa Tusajigwe, nikapiga magoti, nikamwambia mguu wangu ndio umemuua."

Lugano alitoa kitambaa. Kilikuwa bado kinanuka dizeli. "Kilikuwa tangini. Nilikiacha mimi, mwezi wa kwanza."

Mzee alikipokea, akalipapasa lile fundo kwa kidole gumba. Lugano alisubiri kofi. Angelishukuru.

"Nilikwambia mara tatu."

"Ndiyo, baba." Hakuwahi kumwita hivyo.

"Watu wakacheka."

"Ndiyo."

Ambrosi alivaa kiatu chake polepole, akafunga kamba, akasimama.

"Naenda kumwambia Sista sasa hivi," Lugano alisema. "Utarudishiwa kazi."

"Sista baadaye. Kuna mama analala akinichukia mimi. Twende."

Mzee alitembea mbele, kwa hatua za haraka ambazo mguu uliozeeka usingeziweza, na Lugano alimfuata akitamani njia iwe ndefu zaidi. Nyumbani kwa Tusajigwe mlango ulikuwa wazi. Kwenye kamba ya nguo hapakuwa na nepi hata moja.

"Hodi," Ambrosi aliita.

"Karibuni," sauti ya mwanamke ilijibu kutoka ndani, nyembamba na kavu.

Ambrosi hakuingia. Alisogea pembeni ya mlango, akamrudishia Lugano kile kitambaa mkononi.

"Ingia nacho," alisema.