Hajakosa Hata Siku Moja

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walipangwa uani asubuhi, na fundi wa boila akaitwa mbele kama mwizi wa kuku. Meneja alimshika bega, cheti mkononi.

"Mtazameni mzee huyu. Miaka mitatu hajakosa kazi hata siku moja. Huyu ndiye mwanamume."

Makofi yakapigwa. Fundi hakujua mikono yake aiweke wapi. Shemeji yake wa idara ya kufungasha, mdogo wa marehemu mkewe, alimnong'oneza kutoka mstari wa mbele, "Shemeji, sema asante yaishe."

"Asante ya nini?" Fundi alimgeukia meneja. "Mwaka jana nilikuomba siku mbili nikakae na mke wangu hospitali. Ukaniambia boila haingoji mgonjwa. Alikata roho mimi nikichochea moto wako."

Meneja alicheka kicheko cha kulazimisha.

"Mzee wangu, mimi nakusifu tu, mbona unanigeuzia kibao?"

"Ungenitukana ningejua la kukujibu. Hii sifa yako ni kunitemea mate usoni, halafu unangoja nikushukuru."

Shemeji aliinamisha kichwa. Fundi alivua koti la kazi, akalitupia juu ya kile cheti mkononi mwa meneja, akashika njia ya getini.

"Sasa nimekosa siku moja," alisema bila kugeuka. "Kachochee mwenyewe."