Mishubiri ya Mama

Mama alipokwenda kumuuguza dada yake, alimwachia bintiye, fundi cherehani, mishubiri yake mitano ya uani. Binti akaimwagilia asubuhi na jioni, asije akaambiwa mvivu. Mwezi haukwisha, majani yakalegea, mizizi ikaoza na kunuka.

Mama aliporudi, alimgeukia mkwewe, mke wa mwanawe. "Mwenzio ana cherehani yake, wewe unashinda hapa nyumbani. Hata tone la maji limekushinda?"

Mkwe akainamisha kichwa. Fundi naye akaufyata. Siku tatu hakuweza kumtazama wifi yake usoni, na kila mshono aliopiga ulikwenda kombo. Siku ya nne yalimfika shingoni, akawafuata jikoni.

"Mama, ni mimi. Niliizidishia maji."

Mama aliduwaa, kisha akamshika mkwewe mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea."

Walipobaki wawili, fundi akasema, "Wifi, niwie radhi."

"Nilikuwa nakuona ukimwagilia kila siku," wifi akajibu taratibu. "Nikasema nisubiri, atasema mwenyewe. Lakini siku tatu, wifi!"

Wakaenda uani, wakachutama kuchambua vichipukizi vichache vilivyosalimika, machozi yakimlengalenga fundi.