Gego la Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa na tabia moja iliyowashinda wote waliompenda: alifanya kazi na misumari mdomoni. Si mmoja wala miwili. Alichota konzi nzima ya misumari mifupi ya kupigilia kitambaa, akaitupia kinywani kama mtu anayekula karanga, halafu akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, anauweka kwenye mbao, na nyundo inashuka. Tak. Mwingine. Tak. Ukimsemesha haitoi, anakujibu hivyo hivyo na meno yamebana. Wateja wengi waliondoka pale wakidhani wameambiwa waje Ijumaa, kumbe wameambiwa Jumapili.

Aliyemwelewa ni mkewe peke yake. Huyu alikaa nyuma yake kwenye cherehani, akishona vitambaa vya makochi ambayo mumewe anayapigilia, na kwa miaka ishirini na sita walikuwa wamepeana migongo, si kwa ugomvi, ila chumba kilikuwa chembamba. Majirani walimwita Bi Mkasi, na msidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Ulimi wake ulikata nguo na ukakata watu. Mteja akiuliza jambo na fundi akanguruma, Bi Mkasi alijibu bila kugeuka: "Anasema springi tatu zimekufa, na hicho kiti chako kimeliwa na panya, usimsingizie mtu."

Jumanne fundi alikunywa chai akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Mama Pacha," alisema, ameshika taya. Walikuwa na mabinti mapacha walioolewa mbali, na jina hilo ndilo waliloachiwa ndani ya nyumba. "Mama Pacha, jino."

"Jino? Mwanamume mzima na ndevu zako unalia jino? Mimi nimezaa wawili siku moja, nani alinisikia?"

"Mtaa mzima ulikusikia."

"Basi na wewe piga kelele zako umalize. Tuna viti kumi na viwili vya ukumbi hapa. Jumatatu vikishatoka tutakwenda hilo jino likang'olewe. Jino si ugonjwa."

Lakini asidhaniwe kuwa hakumjali mumewe. Alimtia karafuu kwenye gego lenyewe, lile la mwisho kabisa chini kulia. Alimchemshia maji ya chumvi asukutue. Shavu lilipoanza kutuna Jumatano, alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka vidole vyake mwenyewe vikaiva. Mshona viatu wa mlango wa pili naye akaleta kapsuli nne zilizobaki alipokuwa anatibu kidonda cha mguu. Fundi alizimeza zote, na kila mtu akajiona ametimiza wajibu.

Alhamisi maumivu yakaisha. Fundi aliamka akajigusa shavu, akatabasamu. Bi Mkasi alikuwa na neno lake: "Si nilikwambia?" Neno hilo alilipenda sana, na siku hiyo alilisema mara nne. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nani anawakumbuka wahenga akiwa na viti kumi na viwili vya ukumbi?

Usiku ule fundi alisema chumbani kuna joto, akaenda kulala ameketi kwenye kochi la kazini. Ijumaa asubuhi alisukuma kikombe cha chai akasema kwa mkono kwamba atakunywa baadaye. Shavu lilikuwa limepungua kweli. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kidevu, na chini ya kidevu fundi alikuwa na ndevu nyingi.

Saa nne aliingia dereva wa pikapu. Alikuwa ameleta kiti cha abiria cha gari lake kishonwe upya, akaahidiwa asubuhi hiyo. Alikikuta kwenye kona, kimevuliwa nguo, chuma na springi nje.

"Fundi! Kiti changu kiko uchi mpaka leo?"

Fundi alijibu kitu. Bi Mkasi, kwa mazoea, alifungua kinywa amtafsirie mumewe, akakifunga. Hakuwa na la kutafsiri. Yalikuja maneno mazito, yamelowa, hayana kona, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuambulia hata moja.

"Shemeji, mwambie ateme hiyo misumari tuongee kama watu," dereva alisema akicheka.

"Baba Pacha, hebu tema misumari."

Hapo ndipo Bi Mkasi alipoondoa mguu kwenye cherehani, na chumba kikawa kimya kabisa. Tangu asubuhi hakuwa amesikia nyundo. Aligeuka. Kopo la misumari lilikuwa mezani, limejaa, limefunikwa. Fundi alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba radhi, akafungua kinywa. Kilifunguka upana wa kidole kimoja, kikagoma. Ndani hamkuwa na msumari. Mlikuwa na ulimi tu, umenyanyuka juu kama kuna kitu kinausukuma kutoka chini, na mate yakamtoka pembeni yakaingia kwenye ndevu.

"Hamna kitu," dereva alisema polepole. Hakuwa anacheka tena.

Bi Mkasi alipitisha mkono chini ya ndevu. Pale penye nyama laini aliyoijua kwa miaka ishirini na sita alikuta ugumu wa ubao, kulia na kushoto, na joto la pasi.

"Meza mate nione."

Fundi alijaribu. Koo lilipanda, uso ukakunjamana, mate yakarudi. Kila akivuta pumzi palisikika mluzi mwembamba, na Bi Mkasi akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote duniani.

Mshona viatu alikuwa ameshafika mlangoni. "Mlaze kwanza apumzike. Mpe na uji mwepesi apate nguvu."

"Asilale!" Bi Mkasi alisema kwa sauti iliyowashtua wote. "Hamkuona jana kalala ameketi? Mimi nilidhani ni joto. Kumbe akilala hapumui, na hakuniambia, mjinga huyu. Na asipewe kitu. Mtu aliyeshindwa kumeza mate yake utampa uji uende wapi?"

"Basi tumpeleke kwa yule wa meno hapo kona," alisema dereva.

"Wa kona anatibu jino. Hili limeshahama kwenye jino, limefika kooni. Hospitali kubwa. Sasa hivi."

Lakini pikapu ilikuwa na kiti cha dereva peke yake. Cha abiria ndicho kile kilichokuwa kwenye kona, kimevuliwa nguo. Kisha dereva na mshona viatu wakabeba kochi la mtu mmoja, jekundu, lililokuwa linasubiri mwenyewe, wakalipandisha nyuma ya pikapu wakalifunga kwa kamba. Wakamketisha fundi, ameinama mbele, mate yakidondoka kwenye taulo. Bi Mkasi akapiga magoti mbele yake, akashika mikono yote miwili ya kochi.

Barabarani watu walisimama kutazama. Mtu mwenye ndevu ameketi kwenye kochi jekundu juu ya gari, mwanamke kampigia magoti: nani asingecheka? Kijana mmoja alipaza sauti, "Bwana harusi huyo!" Bi Mkasi, ambaye hakuwahi kuacha neno la mtu lianguke chini, hakujibu. Alikuwa anasikiliza mluzi ule unaingia na kutoka. Aliongea na mumewe njia nzima, maneno ya ovyo ovyo tu, kwamba avute kwa pua, kwamba asiogope, kwamba akithubutu kumwachia viti vya ukumbi peke yake atamfuata huko huko aliko ampige. Alimpenda mtu huyu. Alikuwa hajamwambia tangu mapacha wazaliwe, kwa sababu walikuwa na kazi nyingi.

Kwenye lango la hospitali mlinzi aliinua mkono. "Samani zinapitia geti la nyuma."

"Hii samani inapumua kwa shida," Bi Mkasi alisema. "Fungua."

Akafungua.

Ndani, karani wa mapokezi aliuliza bila kuinua kichwa, "Ana tatizo gani?"

"Jino."

"Meno ni Jumatatu, chumba namba tisa."

Neno Jumatatu lilimchoma Bi Mkasi, maana lilikuwa lake. Watu nyuma yao walianza kusogea mbele. Alijua akitukana atatolewa nje, na akinyamaza mumewe atakufa kwenye benchi ameshika karatasi ya namba tisa. Akavuta pumzi, akasema neno ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Nimekosea. Si jino. Lilianza jino Jumanne. Sasa hamezi hata mate yake. Kinywa hakifunguki. Ulimi umenyanyuka, chini ya kidevu pamekuwa pagumu pande zote mbili, ana homa, na akilala hapumui."

Karani aliinua kichwa. Lakini aliyesogea ni nesi mtu mzima aliyekuwa nyuma yake akipanga mafaili. Aliyaacha yaanguke, akaja na kiti cha magurudumu anakimbia, na viatu vyake vikipiga sakafu. "Amekula kitu leo? Hamkumlaza chali? Safi sana, mama. Aendelee kukaa hivyo hivyo. Nipisheni jamani, nipisheni!"

Daktari wa meno wa pale, aliyeitwa kwa dharura, alikuwa binti mdogo, umri wa mapacha. Alimchungulia fundi kwa tochi, akaita wenzake wawili, na mmoja wao akawa hatoi macho kwenye koo la mgonjwa. Huku mwingine akitafuta mshipa wa dripu, binti alimuuliza Bi Mkasi maswali, na Bi Mkasi alijibu yote, hata yale ya aibu.

"Mlimpa dawa?"

"Kapsuli nne za jirani. Za mguu."

"Na huu wekundu wa shavu?"

"Nilimkanda. Maji ya moto."

"Mama, uvimbe wa jino usikandwe tena kwa moto. Na maumivu je, yalikuwa makali mpaka leo?"

"Yaliisha Alhamisi. Tukafurahi."

Binti alitikisa kichwa, si kwa ukali. "Jino lilikufa ndani, ndiyo maana likanyamaza. Usaha ukatafuta njia ya chini. Sasa tunafungua utoke, na gego tunaling'oa." Akavaa glovu. "Mmefanya vizuri kuja asubuhi. Ingefika jioni, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Mlango ukafungwa. Bi Mkasi aliketi nje, na dereva akaketi naye, ingawa hakuna aliyemwomba na gari lake lilikuwa na kochi la watu. Alimletea chai. Hakuinywa. Alikishika kikombe mpaka kikapoa, akifikiria jinsi alivyosema "si nilikwambia" mara nne.

Saa tisa binti alitoka akasema imekwenda salama, lakini usiku huu watamwangalia wao. Bi Mkasi alimshukuru kwa sauti ndogo mpaka dereva akamgeukia, akidhani ni mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi alimkuta fundi ameegemezwa kwenye mito. Walikuwa wamemnyoa ndevu. Hakuwa ameuona uso ule tangu harusi, na mahali pa kidevu palikuwa na bandeji na kampira kadogo ka kutolea usaha. Alionekana mdogo, amenyauka, mzuri. Nesi yule mtu mzima alikuja na kikombe cha maji na kijiko.

"Tujaribu, baba. Kidogo tu. Yakikataa, usilazimishe."

Bi Mkasi alisimama. Kijiko kiliingia. Kinywa kilifungwa. Koo la fundi, ambalo sasa lilikuwa wazi kila mtu alione, lilipanda, likatulia kidogo, likashuka. Hakukohoa. Hakuna kilichorudi. Nesi aliandika kitu kwenye karatasi yake kama vile ni jambo la kawaida, akaenda kitanda kingine.

"Ni mimi," Bi Mkasi alisema. "Uliniambia Jumanne nikakucheka. Nikakwambia Jumatatu. Ungekufa, Baba Pacha, ningekuwa nimekuua kwa mdomo huu."

Sauti ya fundi ilitoka imekwaruza, lakini kila neno lilikuwa na kona zake.

"Usijipe cheo," alisema. "Hata ungenibeba mgongoni hiyo Jumanne nisingekwenda. Naogopa sindano."

"Sindano! Wewe unayeshinda na misumari mdomoni?"

"Misumari naishika mwenyewe."

Bi Mkasi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, mbele ya wagonjwa sita na wageni wao, na hakujali. Alimwambia anampenda. Alilisema kwa hasira, kama mtu anayedai kitu chake, na fundi akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akachota maji kijiko kimoja yeye mwenyewe. Akainua shingo yake iliyonyolewa, akaielekeza kwa mkewe, akameza tena taratibu, ili amwone.