Mwito Ulifika, Sauti Haikufika

Valerian alipofika zahanati, muuguzi Eunike hakuitikia shikamoo yake. Alimwonyesha simu ya mezani, akasema, "Itazame kazi yako, fundi."

Yeye ndiye aliyeifunga, wiki mbili nyuma. Katika bonde lile simu za mkononi hazishiki mtandao, kwa hiyo wenye zahanati walileta dishi la intaneti, na Valerian akaitwa kutoka Majengo aunge simu ipite humo hadi hospitali yao ya mjini.

"Jana saa nne asubuhi Gladness alijifungua, damu ikakataa kukatika," Eunike alisema. "Nikapiga kuomba gari. Ikaita, wakapokea. Nikapaza sauti, kimya! Wakakata. Mara sita, fundi. Mwisho nikamtuma mume wake na bodaboda. Gari limefika saa saba, Gladness ameshakata roho."

Katika chumba cha pili mtoto mchanga alilia.

Valerian akafungua kompyuta, akasoma kumbukumbu za simu. Mwito umetumwa. Simu imeita. Mjini wamepokea. Mara zote sita, hakuna kosa lililoandikwa.

"Mwito una njia yake, mama," alisema. "Kazi yake ni kuwakutanisha tu. Mkishapokeana, sauti hupita njia nyingine. Hiyo... niliiacha imefungwa kwenye ruta, hiki kisanduku cha intaneti."

"Si uliijaribu? Nilikuona kwa macho yangu."

Aliijaribu kweli. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, naye alikuwa anawahi kipaimara cha mpwawe kanisani kule Shirimatunda. Alipiga, ikaita, mjini wakainua mkonga wa simu, akakata. Hakusema hata haloo.

Kurekebisha kulimchukua dakika moja. Akapiga.

"Haloo, mapokezi." Sauti ya msichana ilijaa chumbani kana kwamba yuko pale pale. "Zahanati? Leo tunawasikia vizuri! Mnahitaji gari?"

Eunike akamnyang'anya Valerian mkonga.

"Hatuhitaji," akasema, akaurudisha mahali pake, akaenda kumpa mtoto maziwa.

Valerian alikusanya vifaa vyake taratibu, kimoja kimoja, hata visivyo vyake. Sylvanus, mume wa marehemu, alikuwa amekuja kuchukua nguo za mkewe, akaketi kizingitini na kanga mapajani. Zahanati ilikuwa na mlango huo mmoja tu.