Mawe ya Wodi ya Wazazi

Ndoo ilikuwa tupu. Mpima mawe aliinama, akatia mkono ndani kana kwamba macho yalikuwa yanamcheza shere, akagusa plastiki kavu. Jana alasiri alikuwa ameloweka humo vipande vya mawe ya mchanga, sampuli za wodi mpya ya wazazi. Sasa vilikuwa ndani ya tanuri la kukaushia, vimepangwa vizuri, vya moto kama mikate.

"Mzee, nani kayatoa mawe yangu majini?"

Mfagizi wa maabara hakuinua kichwa. "Mwanangu, macho yangu yamezoea kutazama chini."

Funguo walikuwa nazo watu wawili: yeye na bosi.

Aliweka kipande kikavu kwenye mashine. Ikanguruma, ikatetemeka, ndipo jiwe likakubali kuvunjika. Kisha akafungua sufuria yake ya chai, aliyoificha nyuma ya kabati. Siku hizi hakumwamini mtu. Kipande kimoja alikuwa amekiloweka humo tangu jana. Hicho kilivunjika bila kelele, kikaacha tope jekundu kwenye chuma.

Kabla hajanawa mikono, akaitwa ofisini kwa bosi.

Mkandarasi wa wodi hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha bosi. Bosi alikuwa kwenye benchi la wageni.

"Dada yangu," bosi alisema, "jiwe ni gumu au si gumu?"

"Likiwa kavu, ni gumu. Lakini chembe za mchanga zimeshikwa na udongo. Udongo huo ukinywa maji unavimba, unalegea, na jiwe zima linalegea nao."

Mkandarasi akacheka. "Hospitali ina paa. Kwani wanajifungulia mtoni?"

"Ukuta unanyeshewa, mzee. Na ardhi nayo ina unyevu."

Kicheko kikakatika. "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Aliyekosa tenda ndiye anayekulisha," alisema mkandarasi, akimtazama bosi badala ya kumtazama yeye.

Bosi akakohoa. "Kuanzia kesho utakaa stoo. Mawe atapima mwenzako."

Tangu siku hiyo, wenzake walinyamaza kila alipoingia kunywa chai. Nyumbani mumewe alimwambia, "Mwenye nguvu mpishe." Akaanza kumtazama hata mumewe kwa jicho la pembeni: nani kazungumza naye?

Wodi ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Kisha mvua zikaanza, zikashika kweli. Katikati ya mvua hizo, mdogo wake akashikwa na uchungu.

Alimkuta asubuhi kalala katika wodi hiyo mpya, kichanga ubavuni. Vitanda vyote vilikuwa vimesogezwa katikati, mbali na kuta, vimebanana kama meno. Chini ya ukuta fundi rangi alikuwa amechuchumaa, akipitisha brashi juu ya ufa.

"Mdogo wangu, amka twende nyumbani."

"Usianze, dada. Nimesubiri kitanda hiki nikiwa nimelala sakafuni."

Akaenda ukutani, akabonyeza jiwe. Ukucha ukazama, kisha ncha ya kidole.

"Toa mkono, mama!" muuguzi alifoka. "Rangi bado mbichi!"

Akautoa. Tope jekundu lilimshika kidoleni. Nyuma yake mlango ulisukumwa, akaingizwa mjamzito mwingine anayelia. Muuguzi akatazama huku na huko, hakuona nafasi katikati, akavuta kitanda kitupu kutoka koridoni akakisukuma hadi kikagota ukutani.