Jumamosi ya Mwisho na Watu wa Warrick

Delmar Schrag aliegesha pikapu yake kwa ubavu, ikameza nafasi mbili, yake na ya shemeji yake, kisha akafungua kiti cha kukunja na kuketi mbele yake. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alikuwa amelala na hasira, akaamka nazo, akanywa nazo kahawa, na sasa alitaka mtu wa kummwagia.

Mtu mwenyewe ni Royce Pennock, mume wa dada yake Verna. Miaka nenda miaka rudi, kila Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, hawa wawili waliegesha mgongo kwa mgongo nje ya uwanja wetu, mmoja akichoma mbavu za nguruwe, mwenzake akipasha sufuria la maharage na nyama, wakitukanana mpaka mechi ya mpira wa Kimarekani ianze. Delmar ni mtu wa chuo chetu, Garnet Fork. Royce ni mtu wa Warrick, chuo kikubwa cha jimbo, kule kwenye mji wa maghorofa. Zamani yalikuwa matusi ya mapenzi. Mwaka huu mapenzi yalikuwa yamekwisha.

Maana Warrick wametuhama. Wameiacha ligi waliyoijenga babu zetu na babu zao, wamekwenda kujibanza kwa matajiri wa pwani, kwa kuwa matajiri wana mkataba wa televisheni na sisi tuna ngano. Walipotangaza tu, wakubwa wa televisheni wakatuangalia sisi tunaobaki, wakaona hatufai hata kwa tangazo la dawa ya meno. Mkataba ukafa hapohapo. Na kwenye baraza la Warrick, siku ya kura, mmoja wa mikono iliyoinuka ulikuwa wa Royce. Wiki ileile alikuja kula Pasaka kwa Delmar, akaomba aongezewe nyama, akaondoka bila kusema neno. Delmar alizisikia habari redioni akiwa juu ya trekta, kama mtu baki.

Hilo angeweza kulimeza. Kilichomkaa kooni ni Britta, mwanawe wa pekee. Britta ni mtupa mkuki wa Garnet Fork, na ni mtupaji kweli, si wa kubahatisha. Mkataba ulipokufa, chuo kikatangaza kwamba riadha yote inafutwa mwezi wa tano ujao, na ufadhili wa masomo unakwenda nayo. Atakuwa bado amebakiza mwaka mmoja. Delmar akazunguka mji mzima, kwenye mgahawa, kanisani, kwenye ghala la nafaka, akiapa kwamba Britta haondoki, atachangisha, atauza, atafanya lolote, lakini binti yake atamaliza akiwa na rangi za kwao. Alivyoapa sana ndivyo alivyozidi kuamini kwamba jambo limekwisha. Maoni ya Britta mwenyewe hakuyauliza.

Pikapu nyekundu ya Warrick ikaja, ikasimama. Royce akashusha kioo.

"Shemeji, umelewa, au umesahau kuegesha?"

"Nafasi yako iko pwani," Delmar akasema. "Kaegeshe huko."

Majirani waliokuwa wakipuliza mikaa wakacheka. Lyle Unruh, ambaye hukaa karibu na Delmar kila mechi, akacheka kuliko wote.

"Delmar, jamani," Verna akasema kutoka kiti cha abiria. "Kaka yangu, tumetoka mbali."

"Na mnakwenda mbali zaidi. Safari njema."

Royce akaegesha kwenye majani, akashuka na jiko lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo tabia yake inayoudhi, utamtukana naye anatafuta kiberiti.

"Unaninunia mimi bure," akasema akiwasha moto. "Televisheni hawanunui mapenzi, shemeji. Wananunua macho. Mji wenu una ng'ombe wengi kuliko watu, na ng'ombe hawaangalii mpira."

"Ng'ombe pia hawali Pasaka kwangu halafu wakaniuza."

"Ungekuwa na kura ungeinua mkono kama mimi. Ungeinua yote miwili."

"Usinifananishe na wewe. Mimi najua nimetoka wapi."

"Unajua sana. Ndiyo maana umetufugia kijana mzuri vile. Leo utamwona. Na asante, maana nasikia ulimlisha vizuri."

Lyle akajitia hamnazo, akainamia soseji zake. Royce alikuwa amegusa pale penyewe.

Habari yenyewe kila mtu aliijua. Msimu uliopita tulikuwa na kijana wa kurusha mpira, Dashiell Moran, mkono wa ajabu, timu nzima ilikuwa mkono wake. Ilipovuma kwamba Warrick wanamnyemelea, mashabiki wakafungua mfuko wa kumlipa abaki. Siku hizi ndivyo mambo yalivyo, sheria inaruhusu, watu wazima tunatoa pesa za shamba kumbembeleza mtoto wa watu acheze. Delmar aliuza nusu ya ndama wake akatumbukiza pesa kwenye mfuko ule. Hesabu yake ilikuwa hivi: kijana akibaki tutashinda, tukishinda televisheni wataendelea kututaka, wakitutaka kila kitu kitakuwa salama. Kijana akapokea, akashukuru kwa heshima zote, na dirisha la kuhama lilipofunguliwa mwezi wa nne akaenda zake Warrick.

Delmar akasimama. Uso ulikuwa umemwiva.

"Yule ni mwizi. Na mliomchukua ni wezi."

"Hakuiba. Amepewa zaidi, akaenda. Sikiliza, shemeji, tuache hayo. Kuna jambo la maana. Kocha wetu wa riadha anamtaka Britta. Ufadhili kamili, mpaka amalize. Nimezungumza naye mwenyewe."

"Royce, si sasa," Verna akasema.

"Kwa nini si sasa? Ni heri yake."

"Wewe umenivunjia ligi," Delmar akasema, na sasa alikuwa akisema kwa ajili ya maegesho yote, "umeniulia timu ya mwanangu, halafu unakuja na jiko lako kunirushia mifupa? Britta hauzwi. Anayewahama watu wake kwa sababu ya pesa ni takataka, hata awe nani. Na binti yangu akivaa rangi zenu, asikanyage kwangu. Wamesikia wote hapa. Asikanyage."

"Funga mdomo wako, Delmar," Verna akasema kwa upole, akiangalia nyuma ya kaka yake.

Britta alikuwa amesimama pale na mama yake, Joleen, wamebeba mikate. Walikuwa wamesikia yote, maana ile sauti ya Delmar ingesikika hata kwenye ghala la nafaka.

"Nimeshasaini, baba," Britta akasema. "Tangu Jumatatu. Nilikuwa nakuja kukwambia leo, tukishakula."

Delmar akamtazama mkewe. Joleen hakushtuka, kwa hiyo naye alikuwa anajua.

"Yaani wewe pia, Britta. Televisheni imekuita."

"Nani anaonyesha mkuki kwenye televisheni, baba? Mimi sijahama. Nimefungiwa mlango, nikaenda ulipo wazi."

"Nilisema nitachangisha."

"Ulichangisha mwaka jana." Sauti yake haikupanda. "Uliuza ndama ili kijana usiyemjua abaki. Wale ndama nilikuwa nawaamkia mimi alfajiri, nawanyonyesha kwa chupa kwenye theluji. Hukuniuliza. Kocha wangu alikuwa anatununulia mikuki kwa mshahara wake, baba, na ulikuwa unajua, nilikwambia mezani. Ukasema tusubiri, kwanza mpira."

Delmar alikumbuka vizuri. Alikumbuka hata kwamba alikuwa akimjibu huku anatazama marudio ya mechi. Aliona aibu, na kwa mtu kama yeye aibu haikai dakika moja kabla haijageuka kuwa ubishi. Lyle na wenzake walikuwa wanamwangalia.

"Nimeshasema niliyosema," akasema.

"Nimesikia." Britta akaweka mikate juu ya meza ya baba yake, taratibu, asiiponde. "Basi nitakaa na shangazi."

Waliingia uwanjani mbalimbali. Wageni sisi huwaweka nyuma yetu, safu za juu kabisa, ambako upepo unapita bila kubisha hodi, na hatuoni haya kulisema. Delmar aliketi mahali pake pa siku zote, Joleen kushoto, Lyle kulia. Kati yake na Joleen kiti kimoja, cha Britta, kilikuwa kitupu.

Mtangazaji akaanza kuwataja wachezaji wa Warrick. Sasa kwetu kuna desturi. Jina la mtu aliyetuhama likitajwa, uwanja mzima husimama na kumgeuzia mgongo, kisha mmoja huanzisha kwa sauti, "Msaliti," na wote huitikia mpaka mabati yatetemeke. Mwanzishaji ni Delmar. Amekuwa mwanzishaji tangu ujana wake, kwa ajili ya ile sauti.

"Dashiell Moran," mtangazaji akasema.

Wakasimama, wakageuka. Na mtu akiupa uwanja wetu mgongo, anachokiona ni safu za juu. Delmar akainua macho akamwona Britta. Alikuwa amesimama kando ya Verna na blanketi jekundu la Warrick mabegani, na chini yake uwanja mzima wa watu waliomlea, mwalimu wake wa Jumapili, daktari wake wa meno, wasichana aliosoma nao, wote uso kwa uso naye.

Walikuwa wanamngoja Delmar.

Angeweza kukohoa. Angeweza kuketi. Mtu mwingine angeanzisha, na hakuna ambaye angemuuliza kitu. Alijua hivyo, na bado alikuwa anaisikia mikate ikiwekwa mezani, na Lyle alikuwa anamgusa kiwiko, "Anza, Delmar, unangoja nini?"

Akaanzisha.

Neno lilitoka safi, lenye nguvu, kama miaka yote. Uwanja ukaitikia. Britta hakuinamisha uso. Alimtazama baba yake mpaka mwitikio wa mwisho ulipokwisha, kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa analisubiri.

Joleen hakuwa amesimama wala kugeuka. Sasa akanyanyuka, akachukua chupa ya chai na mkoba wake, akampita mumewe bila kumgusa, akapanda ngazi kuelekea juu.

Watu wakageuka tena, wakaketi. Mpira ukaanza, Dashiell Moran akarusha wa kwanza ukafika, wageni wakashangilia. Delmar alikuwa bado amesimama, ameugeuzia uwanja mgongo, anaangalia juu.

"Kaa chini, mzee," mtu wa safu ya nyuma akamwambia. "Unatuzibia."