Siku Sita Bila Kuzimwa

Bi Mwanakombo alikubali kazi ya kumzimia jirani yake Sesilia kompyuta kabla hata hajaelezwa sababu. Alikuwa kibarazani, miguu ameinyoosha, anachambua mchele kwenye ungo. Aliposikia neno kuzima akainua uso.

"Nizime saa ngapi?"

"Saa yoyote, Bi. Nikishaondoka kwenda darasani. Unaingia chumbani, unabonyeza swichi ya ukutani, unahesabu mpaka ishirini, halafu unawasha."

"Hata kama kazi yako imo humo ndani?"

"Hasa kama kazi yangu imo humo ndani."

"Basi umepata mtu. Mie huruma nilizaliwa nazo mbili tu, zote nimempa marehemu mume wangu."

Nyumba nzima ingemtolea ushahidi. Katika vyumba vile sita vya Chamazi hapakuwa na mpangaji aliyewahi kuacha ndoo yake bombani akaikuta mahali pake, wala aliyeanika nguo kwenye kamba ya Bi Mwanakombo mara mbili. Kwa ajili hiyo hasa Sesilia alimchagua.

Mwezi wa nne alikuwa amefanya mtihani wa cheti cha usimamizi wa mifumo ya Linux, akaanguka. Mtihani wenyewe ni wa vitendo. Unakabidhiwa seva, ile kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, unaambiwa wafungulie watu akaunti, gawa diski, washa huduma hii, ziba njia ile. Muda ukiisha, mashine inazimwa na kuwashwa upya, ndipo kazi yako inasahihishwa. Kilichoamka ndicho chako. Kisichoamka, hata kama kilikuwa kinafanya kazi dakika moja kabla, ni kama hukukigusa.

Sesilia alifanya karibu kila kitu. Kilichoamka hakikufika nusu.

Aliyeligundua tatizo lake ni mwalimu wake, Zaheer, kijana wa Kihindi wa Upanga aliyekuwa anakuja Mbagala kila asubuhi kufundisha darasa la watu tisa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Zaheer hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Aliitazama karatasi ya matokeo, akamwuliza, "Kompyuta yako ya nyumbani unaizimaga lini?"

Sesilia akafikiri. "Haizimwagi."

"Kwa nini?"

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa kuukuu, na kuamka kwake kulikuwa kwa kubembeleza. Kwa sababu umeme wa Chamazi ulikuwa unaondoka wenyewe bila kusaidiwa na mtu, na kuizima kompyuta inayowaka kwao kulikuwa kama kumwaga maji uliyokwisha kuyachemsha. Miaka miwili chumba chao, yeye na baba yake, kiliishi kwa sheria hiyo. Umeme ukikatika, Sesilia alikuwa anarudi kwenye kiti na kuviamsha vitu vyote kwa mkono, kimoja kimoja, tena kwa haraka ya kujivunia.

"Umejifunza kukiamsha kitu," Zaheer alimwambia. "Hujajifunza kukifundisha kiamke chenyewe. Mtafute mtu akuzimie usipokuwepo. Awe mtu asiyekuonea huruma. Baba anafaa?"

Sesilia alicheka. Baba yake, Mzee Albano, alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na karakana yake ilikuwa banda la bati nyuma ya nyumba hiyohiyo. Siku alipoombwa, aliingia chumbani, akaweka kidole kwenye swichi, akakitoa.

"Siwezi, mama," alimwambia bintiye. "Kazi ya mtu imo humo. Mimi nikikosea kwenye mpingo, kilichokatika kimekatika. Hakirudi."

Ndiyo maana kazi ilikwenda kwa Bi Mwanakombo.

Na hapakuwa na muda wa kuchezea. Kule Kimbiji kulikuwa na hospitali ya watawa ambako Sesilia alijitolea miezi mitatu baada ya kumaliza chuo. Kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa zimehamishiwa kwenye seva, na seva haikuwa na mlezi. Ikianguka, akina mama waliotoka mbali na watoto migongoni walikaa kwenye mabenchi mpaka alasiri, wakisubiri makaratasi yatafutwe kwenye maboksi. Sesilia aliyaona mabenchi yale, na tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Mkuu wa hospitali, Sista Marietha, alimpenda, lakini alikuwa na sharti lake. "Lete cheti," alisema. "Nafasi nakushikia mpaka mwisho wa Agosti. Septemba ikiingia, bodi inamweka mtu mwingine."

Mtihani wa marudio uliangukia Alhamisi ya mwisho ya Agosti.

Wiki mbili za kwanza Bi Mwanakombo alizima kama mtu aliyepewa cheo. Sesilia aliondoka saa mbili asubuhi akiiacha mashine imepangwa yote, akarudi mchana akaikuta imesahau nusu ya mambo. Huduma aliyoiwasha imelala. Diski aliyoiunganisha haipo mahali pake. Siku moja mashine yenyewe iligoma kuamka, ikabaki na kioo cheusi na maandishi meupe. Bi Mwanakombo alipita mlangoni akichungulia.

"Imekufa?"

"Haijafa, Bi. Imechanganyikiwa."

"Nilihesabu ishirini sawasawa. Usije ukasema nilihesabu kumi na tisa."

Sesilia alitengeneza, akaandika makosa yake kwenye daftari, akatengeneza tena. Kuna siku alilia. Alilia kimya, uso ukutani, kwa sababu baba yake alikuwa nje anapiga msasa na hakutaka asikie. Kuna siku mbili ugali ulipoa kwenye sahani mpaka ukaota ngozi.

Halafu mambo yakanyooka. Wiki ya tatu alirudi Jumatano akakuta kila kitu kimeamka kama alivyokiacha. Alhamisi vilevile. Ijumaa vilevile, na Jumamosi, na Jumatatu. Aliuliza kila siku, "Bi, leo umezima?" na kila siku akajibiwa, "Kwani mie nimeajiriwa kufanya nini?" Sesilia akaanza kula. Jumatatu jioni alimpigia simu Sista Marietha, hakuwa na la kumwambia, alitaka tu kuisikia sauti ya mahali anapokwenda.

Jumanne, siku mbili kabla ya mtihani, alirudi kutoka darasani, akakaa, akakuta tena kila kitu kipo. Alikuwa anatabasamu peke yake. Na kwa kuwa hakuwa na kosa la kutafuta, akaandika amri moja fupi ambayo msimamizi wa mifumo huiandika kama mtu anavyomwuliza mwenzake umeamkaje. Ni amri inayoiuliza mashine imekuwa macho tangu lini.

Mashine ikajibu: siku sita, saa sita na dakika kumi na nne.

Alisoma mara ya pili. Siku sita, tangu Jumatano asubuhi alipoiwasha upya yeye mwenyewe kabla ya kwenda darasani. Hata umeme wa Chamazi, kwa ukaidi wake, wiki ile haukuwa umekatika.

Alitoka nje. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa banda, anamtazama Mzee Albano akichonga sikio la kinyago cha mzee, na wote wawili walikuwa wanabishana kama mzee anayechongwa ni wa Kimakonde au amezaliwa Kisarawe.

"Bi," Sesilia alisema, "mara ya mwisho kuzima ilikuwa lini?"

"Si leo asubuhi?"

"Mashine inasema siku sita."

Bi Mwanakombo akamtazama Mzee Albano. Mzee Albano akakitazama kinyago.

"Inasema?" Bi Mwanakombo akauliza polepole. "Ina mdomo?"

"Inaweka kumbukumbu."

"Mzee Albano, hukuniambia kama kitu chenyewe ni mbea."

"Mimi ningejuaje?"

Kwa hiyo baba alikuwa anajua. Sesilia alishika nguzo ya banda. Hakupandisha sauti. Labda angepandisha, wale wawili wangepata nafuu.

"Nilidhani nimeweza," alisema. "Siku sita nalala nikidhani nimeweza."

Mzee Albano aliweka patasi chini. Alifungua mdomo, lakini Bi Mwanakombo akamtangulia.

"Usimtazame baba yako hivyo, mwenye kosa mie. Ukuta wangu na wako ni tofali moja. Nilikuwa nakusikia unavyovuta kamasi. Mtoto hali, mtoto kakonda, na anayemkondesha ni mie na kidole changu hiki. Jumatano ile nikaingia chumbani, nikaona daftari lako limejaa maandishi mekundu, nikasema hapana. Nikamwambia baba yako, leo sizimi. Akasema asante."

"Nilisema asante," Mzee Albano akakubali.

"Bi, wewe si ulisema huna huruma?"

"Nilikuwa najisifu."

Sesilia alitaka kukasirika na hakupata pa kuanzia. Angekasirikia nini? Watu wawili walimwona analia wakazuia kinachomliza. Lakini lile alilowaomba lilikuwa hilohilo la kumliza, na Alhamisi chumba cha mtihani hakitakuwa na mtu wa kumhurumia. Alijaribu kuwaeleza. Akasema kwamba mashine haifanani na mpingo. Ukiizima, kinachopotea ni kile ambacho hukukifunga vizuri, na afadhali kipotee hapa mbele yake kuliko kipotee Kimbiji mbele ya mama mwenye mtoto anayechemka homa.

Mzee Albano alisikiliza akifuta vumbi jeusi viganjani.

"Kwa hiyo kikianguka," aliuliza, "unaweza kukirudisha?"

"Kama nimeona kilivyoanguka, ndiyo, Baba."

"Na sisi tumekuzuia kuona."

Akasimama, akavua kofia, akaingia ndani na viatu vyake vya kazini. Bi Mwanakombo na Sesilia wakamfuata mpaka mlangoni. Mzee aliinama chini ya meza, akaiweka mikono yote miwili kwenye ile swichi ya ukutani kama mtu anayekamata kuku, akafumba macho, akabonyeza. Feni ya kompyuta ikanyamaza.

"Hesabu," alimwambia Bi Mwanakombo, macho bado yamefumbwa.

Bi Mwanakombo akahesabu mpaka ishirini, kwa sauti, bila haraka.

Vitu vitatu kati ya saba havikuamka.

Siku ile na kesho yake Mzee Albano hakuchonga. Alileta kiti mlangoni, na kila Sesilia aliposema tayari, mzee alisubiri, wakati mwingine dakika moja, wakati mwingine arobaini, kisha akazima. Mara ya tano aliacha kufumba macho. Mara ya nane alianza kuuliza, "Hiki kimelala kwa nini?" na kufikia Jumatano jioni alijua kutofautisha huduma iliyolala na diski iliyopotea. Bi Mwanakombo alileta mihogo na chai, akakaa pembeni akitoa lawama kwamba amenyang'anywa kazi.

Alhamisi chumba cha mtihani kilikuwa Mbezi Beach, ghorofa ya pili, dawati moja, kamera moja ukutani. Sesilia alimaliza kazi zote zikiwa zimebaki dakika ishirini na mbili. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Angeweza kuondoka.

Mkono ulimwambia aondoke. Ulikuwa mkono wa miaka miwili ile, mkono usiogusa kinachowaka. Akaandika amri ya kuwasha upya, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakashuka, yakasimama. Mashine ilikuwa inasubiri diski ambayo haipo.

Akarudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua. Diski aliiunganisha mapema, akaingiza namba yake ya utambulisho kwenye orodha ambayo mashine huisoma inapoamka. Baadaye akaona amekosea ukubwa, akaifuta, akaiunda upya. Diski iliyoundwa upya hupata namba mpya. Kwenye orodha alikuwa ameiacha namba ya zamani. Mashine ilikuwa mlangoni inamngoja mgeni aliyebadilishwa jina.

Alikwisha kukaa mbele ya kioo cheusi kama kile. Aliingia kwa nywila ya msimamizi mkuu, akafungua orodha, akaitoa namba ya zamani, akaweka mpya, akaisoma mara mbili kwa kidole. Zilibaki dakika kumi na moja. Akawasha upya. Zikapita dakika mbili ndefu. Mashine ikaamka. Alipita kwenye kila kitu, kimoja baada ya kingine, bila kukigusa, akikitazama tu. Vyote vilikuwa mahali pake. Zilipobaki dakika nne akaondoa mikono mezani.

Matokeo yalikuja Ijumaa mchana kwa barua pepe. Sesilia aliyasoma kwenye simu akiwa amesimama uani, kati ya ndoo za watu. Alama mia mbili na themanini kati ya mia tatu, na chini yake neno moja la kufaulu.

Baba yake alikuwa anamtazama kutoka bandani, hakuthubutu kuuliza. Sesilia akaitikia kwa kichwa. Mzee Albano akakaa chini, palepale kwenye vibanzi vya mpingo, akajifuta uso kwa kofia.

"Nini?" Bi Mwanakombo aliuliza kutoka jikoni. "Kafeli?"

"Kafaulu," Mzee Albano akasema.

"Sasa unalilia nini, mzee mzima?"

"Kimbiji kuna nyumba za wafanyakazi," Mzee Albano akasema. "Anahamia huko."

Bi Mwanakombo alitoka na mwiko mkononi. Alisimama akamtazama Sesilia kwa muda, kama aliyetoka kugundua jambo hilo sasa hivi, ingawa lilikuwa limesemwa mbele yake mara ishirini. Sesilia alikuwa tayari ameweka simu sikioni.

"Shikamoo, Sista," alisema. "Ni Sesilia. Cheti ninacho."

Walimsikia akisema ndiyo, Sista, halafu ndiyo tena. Alipokata simu alisema, "Jumatatu saa moja asubuhi."

"Jumatatu hii?" Mzee Albano akauliza.

"Jumatatu hii, Baba."

Bi Mwanakombo akageuka kurudi jikoni. "Nani anakwenda kukupeleka?" alisema bila kutazama nyuma. "Maana mie na baba yako hatukai kiti kimoja mpaka Kimbiji, tutagombana njiani. Chagua mmoja."

"Twendeni wote," Sesilia akasema.